Nyumba ya Wazee ni Jumuiya: Somo la Maisha ya Pamoja Uzeeni



Kila Dominika ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Ni Papa Fransisko aliyeiweka, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Julai 2021. Parokia nyingi huandaa Misa siku hiyo, hugawa sukari, sabuni na khanga, hupiga picha ya pamoja, kisha kila mtu hurudi kwake. Nasi tumefanya hivyo kwa miaka kadhaa. Somo hili limetokana na aibu tuliyoipata katika ziara moja ya namna hiyo, nasi tunaona ni haki tuanze nayo kabla ya kugusa Maandiko na historia.

Tulikwenda mafrateri kumi na wanne pamoja na mlezi wetu mmoja, katika nyumba ya wazee inayotunzwa na masista, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka seminarini. Tulibeba kinanda, kipaza sauti, katoni za sabuni na ratiba iliyochapwa vizuri. Wazee walikuwa wameshapangwa ukumbini kwa mistari. Frateri kiongozi akashika kipaza sauti, akasema, “Shikamooni wazee wetu,” wakaitikia, tukaanza kuimba. Nyimbo sita, igizo la Mwana Mpotevu, hotuba mbili, zawadi, picha. Tulipokuwa tunakunja nyaya, bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa katekisimu kijijini kwao akamwita yule frateri karibu.

“Mjukuu wangu, mmeimba vizuri,” akamwambia. “Ila mmetuamkia wote kwa mkupuo, kama watoto wa shule mstarini. Hakuna aliyeniuliza jina. Na yule mzee pale mlangoni hasikii kabisa, hakupata hata wimbo mmoja. Mngemshika mkono tu angefurahi.” Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: “Na sabuni tunazo.”

Safari ya kurudi ilikuwa ya kimya. Tulikuwa tumekwenda kuwahudumia watu, kumbe tulikuwa tumekwenda kuwafanyia onyesho.

Je, kumpeleka mzazi huko ni kumtupa?

Swali hili huulizwa kila mara tunapozungumza na waamini juu ya nyumba za wazee, na huulizwa kwa uchungu. Wengine husema nyumba hizo ni desturi ya ugenini iliyokuja kuua ukoo. Wengine wana mama aliyelala kitandani mwaka wa tatu, na wote nyumbani wanatoka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Hatuwezi kuwajibu wote kwa neno moja, lakini Maandiko yana la kusema.

Katika Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, Mtume Paulo anagawa mzigo huu kwa namna ambayo wengi wetu tunaisoma nusu. Aya ya 4 inawataka watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwarudishia wazazi wao wema, na aya ya 8 inamhesabu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Hizo ndizo aya zinazotajwa kwenye vikao vya ukoo. Lakini sura hiyo hiyo inamtambua pia mjane aliye peke yake kweli, asiye na mtu, na inataja orodha ya wajane wenye umri usiopungua miaka 60. Kisha aya ya 16 inatoa sababu: wenye jamaa watunzwe na jamaa zao, ili Kanisa lisielemewe na liweze kuwasaidia wale wasio na mtu. Basi, Kanisa kuwabeba wazee wasio na wa kuwabeba ni jambo la kale kama barua za Mitume zenyewe. Na watoto hawaruhusiwi kujificha nyuma ya Kanisa. Bwana wetu mwenyewe, katika Marko sura ya 7, aliwakemea vikali waliotangaza mali yao kuwa sadaka kwa Mungu ili wasiwape wazazi wao chochote.

Sheria za nchi zetu zina mwelekeo unaofanana na huo. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inaiacha familia kuwa mtunzaji wa kwanza, na makazi ya wazee yanakuwa njia ya mwisho. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inaipa familia pamoja na Serikali wajibu wa kuwatunza wazee. Tena inataja jambo ambalo watu hulisahau: wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na ya kuendelea kujikuza wenyewe. Maana yake chakula na kitanda havitoshi.

Maoni yetu ni haya, na tunayasema baada ya kuona mengi katika mazoezi ya kichungaji. Mzee anaweza kutupwa akiwa ndani ya nyumba ya mwanawe: chumba cha uani, sahani inayoletwa na mtoto asiyesalimia, siku nzima bila mtu kuketi naye. Na anaweza kutunzwa kweli katika nyumba ya masista, mradi watoto wake wanakuja, wanapiga simu, wanamchukua sikukuu, wanamuuliza shauri la ukoo. Kosa kubwa ni kuacha kuja. Baba mmoja tuliyezoea kuongea naye alijua kwa kichwa tarehe ambayo kijana wake alikuja mara ya mwisho, na hakuwahi kumlaumu mbele yetu. Alikuwa anaitaja tarehe tu.

Jeanne Jugan na kitanda chake

Anayetaka kujua nyumba ya wazee ya Kikristo inapaswa kuwa nini, na amtazame Mtakatifu Jeanne Jugan. Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, pwani ya Bretagne nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mvuvi, akapotea baharini Jeanne akiwa mtoto mdogo. Alikuwa mtumishi wa jikoni, kisha mhudumu wa hospitali, kisha mtumishi tena. Hakuwa na elimu wala mali. Katika majira ya baridi ya mwaka 1839, akiwa na miaka 47, alimchukua bibi mmoja kipofu aliyepooza nusu ya mwili, jina lake Anne Chauvin, aliyekuwa hana wa kumtunza. Alimpandisha ngazi hadi chumbani kwake katika mji wa Saint-Servan, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, naye akahamia darini.

Baada ya huyo akaja wa pili, na mabinti wengine wakajiunga naye kumsaidia. Mwaka 1841 walihamia mahali palipokuwa kilabu cha pombe, wakawa na bibi kumi na wawili. Hapo ndipo palipotokea jambo tunalotaka walelewa wenzetu walizingatie. Baadhi ya bibi hao walikuwa wamezoea kuzunguka mitaani kuombaomba. Jeanne hakutaka warudi barabarani. Akawauliza majina ya watu waliokuwa wakiwapa, akachukua kikapu, akaenda yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba kuomba badala yao. Na wale waliobaki nyumbani wenye nguvu kidogo walifanya kazi za mikono, wakichambua na kusokota sufu. Hakuwageuza kuwa watu wa kulala na kulishwa. Nyumba ilikuwa yao, na riziki ilipatikana pia kwa mikono yao.

Shirika lililozaliwa hapo linaitwa Masista Wadogo wa Maskini. Pamoja na nadhiri tatu za kitawa, huweka ya nne, nadhiri ya ukarimu kwa wazee. Wako hata Nairobi. Makazi yao ya Kasarani yanaitwa kwa Kiswahili, Nyumba ya Wazee. Mzee anapokaribia kufa katika nyumba zao, hukesha naye kwa zamu, wakisali na kuimba, asife peke yake.

Kuna sehemu nyingine ya habari hii ambayo huachwa mara nyingi, labda kwa kuwa inamgusa padre. Tarehe 8 Desemba 1843 masista walimchagua tena Jeanne kuwa mkubwa wao. Wiki mbili baadaye padre mlezi wa kundi lile, Auguste Le Pailleur, alitangua uchaguzi akamweka sista kijana wa miaka 23. Jeanne aliendelea kuomba na kikapu chake. Mwaka 1845 Chuo cha Ufaransa, kile cha wasomi, kilimpa tuzo ya Montyon kwa matendo mema. Hata hivyo mwaka 1852 alirudishwa ndani ya nyumba kuu ya shirika bila cheo, na huko alikaa miaka 27 hadi alipokufa tarehe 29 Agosti 1879 akiwa na miaka 86. Manovisi walioishi naye na kumsikiliza akiwasimulia mambo ya kikapu hawakujua kuwa ndiye mwanzilishi. Alikufa shirika likiwa na masista wapatao 2,400. Padre Le Pailleur aliondolewa na Roma mwaka 1890, na ukweli ukaanza kurudi mahali pake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Jeanne Mwenye Heri mwaka 1982, na Papa Benedikto XVI akamtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Tunasoma habari hii kwa macho mawili. La kwanza ni la mchungaji: yawezekana mtu aliyejenga parokia yetu ameketi benchi la nyuma, nasi hatumjui. La pili ni la mzee mwenyewe. Jeanne alijua uzee kutoka ndani. Miaka 27 aliishi maisha ya jumuiya akiwa hana madaraka, akiwa amezungukwa na vijana, akifanya kazi ndogo za nyumbani na kusali. Wanaomwomba awaombee wazee hawamwendei mgeni.

Siku ya kawaida ikoje?

Baada ya aibu ile tuliomba ruhusa ya kurudi bila kinanda. Kwa miezi saba sasa tunakwenda wawili wawili kila Alhamisi alasiri, na tumejifunza kuwa nyumba ya wazee ina maisha yake ambayo mgeni wa sikukuu hayaoni.

Asubuhi kuna Masifu na Misa kwa wanaoweza kutembea. Wengine hupelekewa Komunyo vitandani. Baada ya uji, akina mama huketi chini ya mwembe kuchambua mchele na maharagwe. Mwanzoni tulidhani wanatumikishwa. Tulipojaribu kuwapokea sinia, bibi mmoja alituvutia sura. Ile ndiyo saa yao ya habari: nani hakulala, nani amepata simu, mbunge amesema nini redioni. Ukimnyang'anya sinia umemwondoa barazani.

Wanaume ni wagumu zaidi kuingia katika maisha ya pamoja. Masista wenyewe wanakubali. Mwanamke akifika huuliza jiko liko wapi. Mwanamume hukaa na kofia yake akitazama geti. Kulikuwa na mzee mmoja fundi seremala ambaye kwa wiki nyingi hakusema na mtu. Sista mkuu hakumfanyia mashauri. Alimletea kigoda kilichovunjika mguu na kumwambia kwamba fundi wa mjini ametaja bei kubwa mno. Mzee akakishika, akakigeuza, akatukana kidogo juu ya mafundi wa siku hizi, akaomba msumeno. Siku hizi ana benchi lake nyuma ya stoo, na vigoda vya nyumba nzima vimepita mikononi mwake. Bado si msemaji, ila anaongea na wanaokuja kumwazima nyundo.

Jambo hili lina mizizi katika Biblia. Kitabu cha Hesabu, mwishoni mwa sura ya 8, kinaagiza kwamba Walawi waingie kazini wakiwa na miaka 25 na waiache kazi nzito wafikapo 50. Lakini wasiondoke, bali wawasaidie ndugu zao katika hema la kukutania kwa kulinda zamu. Mzigo hupunguzwa, na mahali pa mtu hubaki. Mtakatifu Benedikto naye, katika sura ya 66 ya Kanuni yake, anataka bawabu wa monasteri awe mzee mwenye hekima, ajuaye kupokea ujumbe na kuujibu, na ambaye umri wake haumruhusu kuzurura. (Mafrateri wanaopangiwa zamu ya geti wajiulize kwa nini hawakupewa wao kazi hiyo daima.) Na katika sura ya 37 anasema kwamba ingawa maumbile yenyewe hutufanya tuwahurumie wazee na watoto, Kanuni nayo iwawekee ulinzi: wasibanwe na ukali wa sheria ya chakula, na waruhusiwe kula kabla ya saa zilizopangwa. Benedikto hakuacha huruma itegemee moyo wa mpishi wa siku hiyo. Aliiandika.

Tusipake sukari. Nyumba hiyo ina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa viti. Kuna kiti karibu na dirisha ambacho kimewahi kutenganisha marafiki wawili kwa mwezi mzima. Kuna vita ya redio, kati ya wanaotaka taarifa ya habari na wanaotaka kwaya. Kuna wanaohesabu vipande vya nyama vya jirani. Sisi tunaoishi bwenini tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana tulijiona. Na manung'uniko ya namna hii ni ya zamani: katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na Mitume wakawaweka watu saba kushughulikia. Mapokeo huwaona hao saba kuwa chanzo cha ushemasi. Frateri anayengojea daraja la ushemasi na akumbuke kwamba daraja hilo linahusiana na bibi walionyimwa chakula.

Lugha nayo ni jambo la kuangaliwa. Bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau alikuwa haitikii Kiswahili tena. Ilisemekana amenyamaza kabisa. Siku moja frateri wa kabila lake alimsalimu kwa lugha ya mama. Akageuka, akamuuliza ni mtoto wa nani. Walisali Baba Yetu kwa lugha hiyo hadi mwisho, naye hakukosea neno. Kiswahili alikijua ukubwani, kikatangulia kuondoka. Alichojifunza mgongoni mwa mama kilibaki. Tangu hapo tumeandika lugha ya kila mzee kwenye daftari letu, na zamu hupangwa kwa kuangalia daftari hilo.

Sakramenti

Hapa mafrateri na wanajumuiya wengi wana maarifa ya kusikia tu, kwa hiyo tueleze. Mpako wa Wagonjwa si wa dakika ya mwisho. Kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa inasema unaweza kutolewa kwa mwamini aliyefikia umri wa kutumia akili, anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Mwongozo wa ibada hiyo, uliotolewa mwaka 1972, unakubali mzee aliyedhoofika sana apakwe hata kama hana ugonjwa mkubwa unaoonekana. Kanuni ya 1002 inaruhusu kuadhimisha mpako kwa wagonjwa wengi pamoja, mradi wawe wameandaliwa. Na kanuni ya 1001 inawakabidhi wachungaji na ndugu wa mgonjwa kazi ya kuangalia apate sakramenti hii kwa wakati wake. Ndugu, si paroko peke yake. Tumekuta wazee wanaoogopa stola ya zambarau kama wanavyoogopa sanda, kwa sababu kijijini kwao padre alionekana tu mtu akikata roho. Hofu hiyo tumeitengeneza sisi kwa kuchelewa.

Kuhusu mfungo: kanuni ya 919 inawaondolea wazee na wagonjwa ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo, pamoja na wanaowahudumia. Na sheria ya kufunga kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa kanuni ya 1252, hukoma mtu anapoanza mwaka wake wa 60. Tumemkuta bibi wa miaka zaidi ya 80 aliyekataa dawa asubuhi kwa sababu alitaka kupokea Komunyo. Aliyemfundisha hivyo hakuwa na nia mbaya, lakini hakuna aliyerudi kumwambia kwamba sheria imebadilika.

Julai hii inayokuja

Kwa wanaouliza tumebadilisha nini: hatutapeleka kipaza sauti. Kila frateri ana wazee wawili anaowajua kwa majina, na atawaamkia mmoja mmoja, akipiga magoti au kuinama kama alivyofundishwa kwao. Maungamo yatakuwa Alhamisi, Misa yenye mpako itakuwa Dominika, na tumewaandikia watoto wa wazee wale ambao masista wana namba zao tukiwaomba waje. Mpaka sasa tisa wamejibu. Yule baba wa tarehe, kijana wake ni mmoja wao, lakini hatujamwambia. Tumewahi kuona mtu akiahidi na asije.

Nyimbo wamechagua wazee wenyewe. Kati ya walizochagua kuna Misa ya Kilatini waliyoimba utotoni, na hakuna hata mmoja wetu anayeijua. Mazoezi ni kila Jumanne saa kumi alasiri, chini ya mwembe, na mwalimu ni yule bibi wa katekisimu. Juma lililopita alitusimamisha mara nne katika mstari wa kwanza.